Mjomba alichimba kisima, akaibuka na "dhahabu"

"Mpwa wangu, tumetoka!" Hata shikamoo yangu mjomba hakuipokea. Kisima alichokuwa akichimbisha nyuma ya nyumba, kijijini huko Geita, kilikuwa kimefika mita 9, na fundi alikuwa anapandisha ndoo za jiwe jeupe lenye vipande vya njano vinavyometa.

Mimi si mjiolojia, napenda mawe tu. Jumamosi nilifika na kipande cha kigae cha bafuni, msumari, nyundo, siki na mzani wa jikoni niliouazima kwa mke wangu.

Jiwe jeupe halikunisumbua. Lilikwaruza chupa, msumari haukuliweza, na siki haikutoa povu. Kwatzi hiyo, jiwe gumu la kawaida, si kalsaiti, jiwe laini la chokaa ambalo hutoa povu kwenye siki. Lile la njano ndilo lililoleta maneno. Nililisugua mgongoni mwa kigae, upande usiong'arishwa. Dhahabu huacha mstari wa njano. Hili likaacha mweusi wenye ukijani. Mjomba akasema kigae changu kichafu. Nikaligonga kwa nyundo: dhahabu ingebonyea, hili likasagika, na harufu ya kiberiti ikatupanda puani. (Ingekuwa ya kitunguu saumu ningeogopa zaidi, maana huashiria arseniki, ambayo ni sumu.)

Bado hakukubali. Nikachagua bonge lisilo na weupe, likapima gramu 84. Nikaweka bakuli la maji juu ya mzani, nikausoma, kisha nikalitumbukiza bonge likining'inia kwenye uzi bila kugusa chini. Mzani ukaongezeka gramu 17, ndio uzito wa maji yenye ujazo sawa na bonge. Gawanya 84 kwa 17, unapata karibu 5, yaani jiwe ni zito mara 5 kuliko maji. Dhahabu safi ni 19.3. Hapo mzee akanyamaza.

Ilikuwa pairaiti, yaani chuma na salfa vilivyoshikana. Miamba ya kule ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, maji ya moto yalipenya kwenye nyufa zake, yakapoa na kuacha kwatzi, pairaiti na, penye bahati, dhahabu. Kwa hiyo sikuweza kuapa kwamba dhahabu haimo kabisa. Chembe zake huweza kujificha ndani ya pairaiti jicho lisizione, na hiyo ni kazi ya maabara. Nilimkumbusha pia kwamba kumiliki shamba si kumiliki madini yaliyo chini yake. Bila leseni huchimbi. Katika yote hayo, alilolishika ni "huweza" tu.

Mimi nilikuwa nawaza maji. Pairaiti ikikutana na hewa na unyevu hutoa kutu na tindikali, na kifusi chote kilikuwa kimelundikwa mdomoni mwa kisima, masika yanakaribia. Jumapili tulishinda na toroli tukikihamishia bondeni, mbali na kisima, na tukakubaliana asinywe mtu maji yale kabla hayajapimwa.

Vipande vitatu mjomba alivibakiza. Viko kabatini, vimefungwa kwenye leso.