Umeandikiwa urudishe mshahara au pensheni iliyozidi? Dai mchanganuo kabla ya kusaini chochote

Barua yenyewe huwa fupi. Juu kuna YAH, chini yake aya mbili: ulilipwa mshahara usiostahili, unatakiwa kurejesha shilingi 4,800,000 ndani ya siku 14. Hakuna jedwali, hakuna miezi, hakuna neno juu ya kosa lilikoanzia. Mwalimu mstaafu wa Kibosho au muuguzi wa Arusha mjini akiipokea, ama anaifungia kabatini, ama anakimbilia SACCOS kukopa ili yaishe. Yote mawili yanaumiza. Ukikaa kimya utaonekana umekubali, na ukilipa haraka unaweza kulipa fedha ambayo hukuipokea.

Ni vizuri kujua dai linatoka wapi. Hapa Tanzania mara nyingi chanzo ni hoja ya ukaguzi. CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, au mkaguzi wa ndani akikuta mshahara umeendelea kutoka kwa mtu aliyestaafu, aliyeacha kazi, aliye kwenye likizo bila malipo au aliyefariki, halmashauri inapewa hoja, na hoja haifungwi mpaka fedha irudi au yapatikane maelezo yenye vielelezo. Kwa hiyo afisa aliyesaini barua yako ana faili la kufunga, na vielelezo vyako vinamsaidia hata yeye. Ukienda ofisini na hasira utarudi na ahadi. Ukienda na karatasi, mtazungumza.

Sababu nyingine ni za kawaida zaidi: kupandishwa daraja kabla ya wakati kisha daraja likarekebishwa, malimbikizo kulipwa mara mbili, au uhamisho ambao halmashauri ya zamani haikuufanyia kazi kwenye mfumo. Na kuna ile inayowatesa wengi, tarehe ya kuzaliwa. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na Serikali husimamia tarehe uliyoandika ulipoajiriwa mara ya kwanza. Kama fomu ya ajira ina mwaka mmoja na kitambulisho cha NIDA kina mwaka mwingine, unaweza kuambiwa ulitakiwa kutoka mwaka mzima kabla ya siku uliyotoka, na mishahara ya mwaka huo ikageuka deni.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Dai mara nyingi huandikwa kwa mshahara ghafi, lakini wewe hukupokea ghafi. Chukua mshahara wa 1,200,000 uliolipwa miezi 4 baada ya kustaafu. Kila mwezi ulikatwa mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wa 5%, yaani 60,000. Kodi ikakokotolewa kwenye 1,140,000 iliyobaki: kwa viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vya tangu Julai 2021 ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, na 30% ya 140,000 iliyozidi, ambayo ni 42,000. Jumla ya kodi 170,000. Bima ya afya 3% ni 36,000, na ada ya chama cha wafanyakazi 2% ni 24,000. Mkononi ikaingia 910,000.

Zidisha kwa 4. Ghafi ni 4,800,000, lakini kilichoingia kwenye akaunti yako ni 3,640,000. Tofauti ni 1,160,000 ambayo ilikwenda TRA (mamlaka ya mapato), PSSSF, NHIF (bima ya afya) na chama cha wafanyakazi. Mwajiri ndiye aliyezipeleka huko na ndiye mwenye njia ya kuzidai. Naliamini hili kwa dhati: mstaafu asibebeshwe kodi na michango ya miezi ambayo Serikali yenyewe inasema hakuwa mtumishi. Angalia pia kama mchango wa mwajiri wa PSSSF, 15%, haukuchomekwa kwenye jumla. Makato ya mkopo wako wa benki au wa Bodi ya Mikopo ni jambo jingine. Hayo yalipunguza deni lako mwenyewe, usiyaingize kwenye hoja hii.

Ndiyo maana mchanganuo uwe wa mwezi kwa mwezi, wala si jumla ya mwaka iliyogawanywa. Australia waliwahi kuwa na mpango uliokuja kujulikana kama Robodebt: mapato ya mwaka ya mtu yaligawanywa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, kana kwamba kila mtu hupata kiasi kilekile mwaka mzima, kisha waliopokea ruzuku wakaandikiwa madeni. Hesabu hiyo haikuwa na msingi wa kisheria, fedha zikarudishwa, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti yake mwaka 2023. Kama mfumo wa nchi nzima unaweza kutoa deni ambalo halipo, jedwali la halmashauri nalo linastahili kukaguliwa kwa kalamu.

Barua yako ya kujibu isizidi ukurasa mmoja. Taja kumbukumbu namba na tarehe ya barua yao. Eleza kwamba umeipokea, kwamba hujakubali wala kukataa deni, na kwamba unaomba mambo haya: orodha ya miezi inayodaiwa, mshahara ghafi na makato ya kila mwezi, kiasi kilichoingia benki, tarehe wanayoihesabu kuwa mwisho wa utumishi wako na waraka unaoithibitisha, na nakala ya hoja ya ukaguzi kama ipo. Nakala iende kwa afisa utumishi, mweka hazina na mkaguzi wa ndani. Kama bado uko kazini shuleni, barua inapitia kwa mkuu wa shule. Mstaafu anaandika moja kwa moja.

Chapa nakala mbili. Moja inabaki masjala, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saini, unaondoka nayo. Bila muhuri ule, baada ya miezi 6 utaambiwa hukuwahi kujibu.

Angalia pia unampelekea nani. Moshi kuna Manispaa na kuna Halmashauri ya Wilaya. Shule ya Kibosho au Marangu iko wilayani hata kama wewe unaishi Majengo, na ya Machame iko Hai kabisa. Arusha vilevile: Jiji ni tofauti na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha yenye Ngaramtoni, na Usa River na Tengeru ni Meru. Barua iliyoangukia masjala isiyohusika inaweza kukaa huko mpaka siku 14 ziishe.

Vielelezo vya kuambatisha: slipu za mishahara za miezi inayodaiwa, taarifa ya benki ya miezi hiyo yenye muhuri wa tawi, barua ya kustaafu au ya uhamisho, na barua ya kwanza ya ajira. Aliye karibu kustaafu apakue slipu zake zote leo na kuzichapa. Kama dai ni la kufanya kazi kupita miaka 60, kielelezo kikubwa ni daftari la mahudhurio. Omba mkuu wa shule au mganga mfawidhi akupe nakala za kurasa ulizosaini na barua kwamba ulikuwa kazini. Aliyefundisha darasani mwaka mzima hayuko sawa na aliyelipwa akiwa nyumbani, na jambo hilo liandikwe wazi, kwa heshima. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inakupa haki ya kusikilizwa kabla haki zako hazijaamuliwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mwajiri kudai malipo yaliyozidi kwa sababu ya kukosea kukokotoa. Usijidanganye basi kwamba kosa ni lao kwa hiyo fedha ni yako. Kama mshahara umeingia baada ya kustaafu na hukuufanyia kazi, usiuguse, andika barua siku hiyohiyo. Usitegemee pia kwamba muda utafuta deni. Madai ya Serikali yana ukomo mrefu kuliko ya mtu binafsi.

Baada ya mchanganuo kutoka, mtakubaliana kiasi. Usisaini hati ya kukiri deni yenye tarakimu ya zamani kwa ahadi kwamba itarekebishwa baadaye, kwa sababu saini yako ndiyo itakayosimama. Kisha omba kulipa kwa awamu, na utaje kiasi unachokiweza mwezi wenye ada za shule, si mwezi mzuri. Deni la 3,640,000 kwa 182,000 ni miezi 20. Kama 182,000 itakuachisha kununua dawa za presha, andika 91,000 na miezi 40, ambatisha slipu ya pensheni, wakatae wao. Aliye kazini akumbuke moja ya tatu: makato yote kwa pamoja yamwachie angalau theluthi ya mshahara wake wa msingi.

Kuna hatari ya kulipa mara mbili. Halmashauri inaweza kuwa imeshaiandikia PSSSF ikate deni kwenye mkupuo wako, yaani fedha ya pamoja unayolipwa ukistaafu, huku wewe unalipa benki. Uliza kwa maandishi kama barua hiyo ipo, na kama ipo omba nakala yake.

Malipo yoyote yafanyike kwa namba ya malipo ya Serikali (control number) yenye tarakimu 12, inayotolewa na uhasibu ikiwa na jina lako na maelezo ya deni. Anayekutumia ujumbe kwamba umelipwa zaidi na utume kwenye namba ya simu ya mtu ni tapeli, hata kama anajua cheki namba yako, ile namba yako ya utumishi.

Kwa pensheni ya marehemu mambo ni mazito zaidi, kwa sababu dai linaikuta familia msibani. Baba amefariki, mazishi yamefanyika kijijini, kadi ya benki iko kwa kijana mmoja na pensheni inaendelea kuingia. Kila mwezi anatoa, pengine kwa nia njema ya kumtunza mama. Mfuko ukija kugundua, unadai yote. Toeni taarifa ya kifo mapema, pelekeni nakala ya cheti cha kifo, na kadi isiguswe. Deni la marehemu hulipwa na msimamizi wa mirathi kutoka kwenye mali ya marehemu. Mjane ambaye hakugusa kadi halipi kutoka mfukoni kwake. Aliyetoa fedha baada ya kifo anajibu mwenyewe, na linaweza kufika polisi. Mfuko ukitaka kufidia deni kwenye mafao ya wategemezi, ombeni hesabu mbili tofauti, ya mafao na ya deni, ndipo mlinganishe.

Ikishindikana, anza na chama chako cha wafanyakazi: CWT cha walimu, TUGHE cha watumishi wa Serikali na afya, au TALGWU cha watumishi wa serikali za mitaa. Kama dai limegeuka shauri la nidhamu, Kanuni za Utumishi wa Umma zinatoa siku 45 za kukata rufaa. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza. Asiye na fedha ya wakili aombe msaada wa kisheria kwa watoa huduma waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017.

Ukimaliza kulipa, peleka stakabadhi zote uhasibu na uombe barua ya kuthibitisha kwamba deni limefungwa, nakala kwa PSSSF. Ukaguzi unarudi kila mwaka, na afisa anayekujua leo anaweza kuwa amehamia Singida.