Besi Iko Wapi?

"Baba, hawa kweli ni bendi moja?"

Binti yangu alikuwa ameunganisha simu yake na spika ya sebuleni, akaziachia nyimbo za Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani, zijipange zenyewe. Ukifanya hivyo na bendi ile umejitakia. Unaisha wimbo wa 1986, unaingia wa 2003, unarudishwa 1991, na kila mara ni kama mtu kabadilisha stesheni. Kilichomkera zaidi ni ngoma za ile albamu ya 2003, St. Anger. "Hapa wanapiga debe," akasema, na sikuwa na la kumpinga. Mpiga ngoma wao, Lars Ulrich, alizilegeza zile nyaya za chini ya ngoma ndogo, zile zinazoipa mchakacho, akaiacha ilie tupu, kong, kong, kong, albamu nzima ya zaidi ya saa moja. Magitaa yameteremshwa hadi C na solo hakuna hata moja.

Halafu simu ikachagua "Blackened", wimbo unaofungua ...And Justice for All ya 1988. Akausikiliza kwa muda, kainamisha kichwa. "Na hapa mbona kuna kitu hakipo?"

Nikacheka peke yangu. Swali hilo niliwahi kulisikia likiulizwa kwa hasira, usiku, Kisauni, Mombasa, na mtu aliyeshika pamba yenye spiriti mkononi.

Mtu huyo ni kaka yangu, mpiga besi. Wakati ule alikuwa bado anapiga hotelini, pwani ya kaskazini, shati la maua, "Jambo Bwana" mara mbili kila usiku na "Malaika" kila meza ikiomba. Nilikuwa darasa la saba na nilidhani ana kazi bora kuliko zote duniani. Yeye hakudhani hivyo, ila mshahara ulikuja na chakula kilikuwa cha bure.

Watalii walikuwa na mazoea ya kuacha vitu wakiondoka: fulana, viatu vya ufukweni, mafuta ya jua ambayo hatukujua tuyafanyie nini. Mjerumani mmoja mwenye nywele za mabegani yeye alimwachia Kaka kanda mbili za Metallica. Kwa maelezo ya Kaka, wiki nzima jamaa alikaa karibu na jukwaa, hatazami wacheza ngoma wala mwimbaji, anatazama vidole vya mpiga besi tu. Siku ya kuondoka akampa Master of Puppets na Justice, akamweleza kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba aliyepiga besi kwenye ile ya kwanza, Cliff Burton, alikufa Septemba 1986, basi la bendi lilipopinduka Sweden. Kwenye ya pili yuko mwingine, Jason Newsted.

Kaka alianza na ya kwanza, na ikamkaa. Makelele ya waimbaji hayakumgusa. Yeye alikuwa na "Orion", ule usio na maneno, ambao katikati yake magitaa yananyamaza na besi inaingia peke yake, taratibu, kisha baadaye inapanda na kuimba hata mtu asiyejua anadhani ni gitaa la solo. Burton alipiga kwa vidole, kama Kaka. Nadhani hilo ndilo lililomaliza kazi. Kaka alikuwa na msimamo kwamba besi ya kupigwa kwa kipande cha plastiki ni besi ya mtu mwenye haraka.

Kwa hiyo usiku aliotoa Justice kwenye kasha lake ulikuwa na adabu zake. Redio kaseti juu ya kigoda, mimi chini kwenye mkeka, mlango wa chumba umefungwa kwa sababu Mama alikuwa keshalala. Alfajiri alikuwa na mahamri ya kupika. "Tumsikie mgeni," Kaka akasema, akabonyeza.

Magitaa yakaingia, makavu, yamekatwa sawasawa, na mpaka leo nasema hakuna albamu yao nyingine ambayo magitaa yamekaa vile. Ngoma kubwa ya mguu, tik-tik-tik, kama si ngozi inayopigwa. Kaka akangoja. Akapandisha kitufe cha besi. Akakipandisha hadi mwisho. Akabandika sikio kwenye spika ya kushoto, kisha ya kulia. Akazima.

"Besi iko wapi?"

Nikasema labda ni redio. Akaileta pamba, akachovya spiriti, akasugua kichwa cha kusomea kanda hadi pamba ikatoka nyeusi, akarudia hadi ikatoka nyeupe. Akaweka tena. Vilevile. Akatoa Justice, akaweka "Orion", na besi ikajaa chumbani kama kawaida, bilauri zilizopangwa juu ya kabati zikatetemeka. Akarudisha Justice. Bilauri kimya.

Akakaa kitandani na kasha la kanda mkononi, anasoma majina. Jina la Newsted lipo, limeandikwa vizuri, pamoja na wenziwe. "Huyu mtu wamemlipa," akasema, "wamempiga picha, halafu wamemfungia nje."

Hapo ndipo alipoliteremsha gitaa lake la besi ukutani. Amplifaya ilikuwa mali ya hoteli, ikilala hotelini, nyumbani tulikuwa na gitaa na nyuzi zake nne tu. Sasa kama hujawahi kuona: besi ya umeme isiyochomekwa popote inasikika kwa shida hata na anayeipiga. Lakini ukikibana kichwa chake, pale penye vifunguo vya kukazia nyuzi, kwenye ubao mkubwa ulio wazi ndani, ubao wote unalia. Ubao wetu ulikuwa kabati la nguo la Mama, la mninga, milango miwili na kioo katikati. Kaka akavuta kigoda, akakibana kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati, goti likishikilia, akaniambia nirudishe kanda mwanzo.

"Blackened" ilimshinda. Wimbo unageuza hesabu katikati, unapodhani ni nne unakuta si nne, na kila alipoushika ukamponyoka. Alitukana kidogo, kwa sauti ya chini. Mpaka upande ukakaribia kwisha na tukafika "One".

Wimbo ule unaanza na milio ya vita, mizinga kwa mbali, kisha gitaa safi linaingia peke yake, polepole. Kaka hakulikimbilia. Aliuacha mzunguko wa kwanza upite, akaweka noti moja ndefu kwenye uzi mnene, nikaisikia kwanza mgongoni kabla ya masikioni, maana nilikuwa nimeegemea ubavu wa kabati. Mzunguko wa pili akaweka mbili. Kisha vidole vikazoea. Akaanza kuingia pale gitaa linapopumua, kidogo tu, mitelezo ya rumba aliyokuwa akiipiga hotelini wakati watu wanakula na hakuna anayesikiliza. Haikuwa na haki ya kukaa pale. Ikakaa. Kioo cha kabati kilikuwa kinatetemeka na kwenye kioo namwona Kaka, uso umelala kando, shavu karibu liguse shingo ya gitaa, anasikiliza mbao. Bilauri zikaanza tena. Ulikuwa wimbo mwingine, nasema kweli. Mwimbaji wao, Hetfield, anaimba habari za askari aliyebaki kiwiliwili kitandani, na chini yake kuna mtu wa Kisauni anamtembeza.

Pale wimbo unapochachamaa, ngoma za miguu zinapoanza kwenda kama bunduki, Kaka naye akachachamaa, na hapo mlango ukapigwa.

"Nyie! Hilo ni kabati langu la harusi!"

"Samahani Mama."

"Samahani haigundishi kioo. Na huyo anayepiga kelele humo ndani mwambieni kwao hawalali?"

Tukazima. Gizani Kaka akaninong'oneza, kama mtu aliyekwisha kutoa hukumu: "Mgeni kazini. Hawakumtaka. Walimtaka aliyekufa."

Nililala na maneno hayo na nikayaamini kwa miaka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Hoteli ilimleta kijana mwenye kinanda cha umeme ambacho mkono wa kushoto kinapiga besi na kitufe kimoja kinapiga ngoma. Meneja akafanya hesabu ambayo hata mimi ningeweza kuifanya. Mpiga ngoma alitangulia, Kaka akafuata. Akaenda Mtwapa, akapiga na huyu na yule, mwishowe akawa fundi wa spika za harusi, kazi anayoifanya hadi leo na anaifanya vizuri. 1991 Metallica wakatoa ile albamu ya jalada jeusi na mtayarishaji Bob Rock, besi ikarudi, nene, mpaka kwenye "Sad but True" nyuzi zimeteremshwa hadi D. Nilimpelekea. Akaisikiliza mara moja. "Sasa wamempa nafasi," akasema, na hakuongeza neno. Hayo yalikuwa majira ya kinanda, na sikumwuliza.

Maelezo nilikuja kuyasoma baadaye sana, na hayakunisaidia kama nilivyotarajia. Upande mmoja yanamuunga mkono Kaka: Steve Thompson, mmoja wa waliochanganya sauti za albamu ile, amesimulia kwamba Lars alimtaka aishushe besi mpaka isikike kwa shida, kisha aishushe zaidi. Newsted mwenyewe alitaniwa na kusumbuliwa sana na wenziwe miaka ile, hilo si siri. Upande mwingine kuna mambo ya kawaida kabisa ya ufundi. Hetfield aliyapanga magitaa ya ridhimu tabaka juu ya tabaka, akaondoa sauti za kati, akaacha za chini na za juu. Hizo za chini ndizo kiti cha besi. Newsted naye, aliyepiga kwa kipande cha plastiki, alikuwa akilifuata gitaa la Hetfield noti kwa noti, kwa hiyo hata alipokuwepo alikaa juu ya kiti kilichokwisha kukaliwa. Na wakati sauti zinachanganywa, kiangazi cha 1988, bendi ilikuwa ziarani Marekani, inatoka jukwaani na kuja studio na masikio yaliyochoka.

Chuki, ufundi au uchovu? Bendi ile imebadilisha sauti mara nyingi mno kwa mimi kusema kila badiliko lina kisa cha mtu nyuma yake. 2008 walitoa Death Magnetic imebanwa na kupandishwa hadi inakwaruza, na wacheza michezo ya video wakagundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya Guitar Hero zimetoka safi zaidi. Hapo sidhani kama kuna aliyekuwa akichukiwa. Ni vitufe tu. Lakini kila nikitaka kusema "ni vitufe tu" kuhusu Justice, namkumbuka meneja wa hoteli, ambaye naye hakuwa na ubaya wowote na Kaka.

Basi, baada ya binti yangu kuuliza, nikafanya jambo ambalo ningeweza kulifanya siku nyingi. Wapo mashabiki waliochukua nyimbo za Justice wakaipandisha besi ya Newsted hadi mahali pake, zimejaa mtandaoni. Nikatafuta "One" ya namna hiyo, nikamtumia Kaka kwa WhatsApp bila maelezo. Alikuwa kwenye harusi Likoni. Alama zikageuka buluu, kisha kimya. Usiku likaja jibu la sauti, spika za watu zinavuma nyuma yake.

"Nimemsikia jamaa yako. Nimemsikia mpaka mwisho, na Blackened nikaitafuta mwenyewe. Sasa nikwambie? Anafuata gitaa tu, hatoki nje hata kidogo. Ningekuwa mimi kwenye mitambo, ningemshusha."

Sikujua anatania au la. Kaka akitania sauti yake haibadiliki. Nilikuwa bado natafuta la kumjibu lilipoingia la pili, fupi.

"Ila si mpaka chini vile."