Ziwa Lisilokupwa

"Maji yanakupwa saa ngapi huku?"

Shoga yangu aliniuliza hivyo kabla hatujaufikia mchanga. Viatu keshavivua, kavishika mkononi, kama tulivyokuwa tukifanya Raskazone, kule kwetu Tanga, zamani tukitoka chuoni na juzuu zetu kwapani. Nilikosa la kumjibu. Miaka 14 niko Entebbe, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Ziwa Viktoria, ambalo Waganda wanaliita Nalubaale, halikupwi wala halijai. Hupanda na kushuka polepole kwa wingi wa mvua, kama mwaka 2020 lilipomeza fukwe hizi na kuingia majumbani mwa watu. Lakini asubuhi na jioni maji utayakuta palepale. Sisi wa Tanga tumelelewa na maji yanayoshuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, mtu akatembea mpaka mwambani, kisha yakarudi kumfukuza. Hilo ndilo lililonitesa sana mwaka wa kwanza, kuliko hata chakula.

Nikamwomba avae viatu. Majani ya kandokando yana konokono, na konokono hao ndio wanaobeba kichocho. Alivivaa kimya. Nilimwona uso umemshuka, nami nikaumia, maana kwetu kutembea pwani bila kulowesha miguu si kutembea.

Alikuja Kampala kwenye mahafali ya mpwa wake pale Makerere, akanitengea siku moja. Jua lilikuwa kali, ila huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa haina ule mvuke wa kwetu unaomgandisha mtu nguo mgongoni. Tulipita Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898, tukawatazama mbega wakiruka juu ya miti, halafu tukapanda boda mpaka mwalo wa Kigungu.

Pale ndipo alipochangamka. Akaona dagaa wameanikwa, akapaza sauti: "Mama, hawa si dagaa wa Mwanza?" Muuzaji akacheka, akasema hao ni mukene. Shoga yangu akaendelea kwa Kiswahili chake cha Tanga, kwa sauti ya sokoni, na yule mama akamjibu kwa Kiswahili cha kuungaunga, wakaelewana mpaka bei ikashuka. Nilisimama pembeni nikijisikitikia. Waganda wengi wa makamo walikisikia Kiswahili kwanza midomoni mwa askari, na ingawa kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, mimi nilipofika nilizoea kukisema chini chini, simu ikiita nijifiche nayo. Hakuna aliyenikataza. Nilijizoesha mwenyewe.

Tukakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Akaniuliza ng'ambo ni wapi. Nikamwambia ukishika kusini moja kwa moja unatokea Tanzania, pande za Bukoba na Mwanza. "Basi hukwenda mbali, shoga," akasema, akanishika mkono.

Kisha, bila mimi kuuliza, akanisimulia mazishi ya mama. Sikuwahi kufika, basi liliharibika njiani, nikaingia Tanga siku ya pili yake. Yeye ndiye aliyekaa na dada zangu tangu alfajiri. Nilikwisha kusikia nani alikuja na nani aliongoza sala. Jambo moja sikuwa nimelisikia kwa mtu yeyote. "Yalikuwa maji mafu siku ile," alisema. "Bahari imelala kabisa. Tulipotoka makaburini tulipita ufukweni, hata wimbi la kugusa kidole halikuwapo."

Nililia pale, mbele ya wavuvi, na yeye akanifuta kwa ncha ya kanga yake.

Ameondoka Jumatatu, kaniachia ng'onda wawili, samaki waliokaushwa kwa chumvi ya kwetu. Mmoja nimempika kwa nazi, wa pili siwezi kumgusa. Jana, mwezi ukiwa mpevu, simu imeita saa nne asubuhi. Ni ujumbe wa sauti. Ameniambia bamvua imetoa maji mpaka mwambani, wanawake wameshuka kutanda uduvi, sikiliza. Kisha akanyamaza, akaiachia simu wazi. Nimesikia maji yakichapwa, na mtu akimwita mwanawe kwa mbali. Nimetoka nayo barazani, nikaifungulia sauti yote.