Pilau ya seli zisizo zangu

“Saratani ni magugu, itaota yenyewe.” Hayo niliambiwa na mkubwa mmoja wa maabara hapa Ujerumani nilipoanza kuotesha seli za wagonjwa wa leukemia, yaani saratani ya damu, nami mtoto wa Tanga nikaamini. Kumbe seli za leukemia zikitoka mwilini zinadeka kuliko mwali. Za kwanza nilizibadilishia midia yote, yaani maji yenye chakula chao, kila siku, nikidhani nazitunza. Wiki ya pili zilikuwa vumbi.

Za pili ziliota! Kwenye hadubini nikaona vishada vinaelea kama zabibu. Nikapiga kigelegele, nikapika pilau sufuria kubwa, maabara nzima ikala. Jina la ukoo wangu wa seli, yaani seli zinazozaana maabara bila kukoma, nilishalichagua. Ndipo vipimo vikarudi. Mgonjwa alikuwa na leukemia kali ya mailoidi, aina mojawapo ya saratani ya damu. Seli zake zina CD33, alama ya seli za mailoidi, na kromosomu 47, namba 8 zikiwa tatu badala ya mbili. Zangu zina CD19, alama ya seli B, kromosomu 46 kama za mtu mzima wa afya, na kirusi cha Epstein-Barr tele. Nilikuwa nimefuga seli B, chembe za kinga za damu, zisizo na saratani yoyote, kirusi kimezipa uhai usiokoma! Na kirusi chenyewe kilionekana mara ya kwanza mwaka 1964, kwenye seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Jirani kabisa, kanifuata hadi Ulaya kuniharibia pilau.

Mara ya tatu nikachukua sampuli ya mtu aliyerudiwa na ugonjwa. Hizo huwa sugu zaidi. Nikazibananisha, milioni 2 au 3 kwa mililita, maana zikiwa chache hufa upesi. Midia nilibadilisha nusu tu, mara moja kwa wiki. Ujanja wenyewe ulikuwa supu: asilimia 10 ya midia ilitoka kwenye seli za 5637, ukoo wa saratani ya kibofu, ambazo humwaga vichocheo vya ukuaji kama GM-CSF bure. Ukivinunua dukani ni bei ya ng'ombe. Ila chuja vizuri, la sivyo utajikuta unafuga kibofu.

Miezi minne zilikaa tu, zinanitazama. Mkubwa akasema nitupe. Sikutupa. Mwezi wa tano zikaanza kuongezeka, na safari hii nilipima kwanza: alama za vinasaba ni za mgonjwa, CD33 ipo, kirusi hakuna, mikoplazma (bakteria wadogo wanaovamia seli za maabara) hakuna. Pilau sikupika.

Nimezigandisha kwenye nitrojeni ya kimiminika, nusu tangi letu, nusu jengo la pili. Tangi letu liliwahi kukauka wakati wa Krismasi.