Kile kidogo cha leo

Assalaam alaykum ndugu zangu, Ijumaa mubarak. Natumai kila mtu ashasoma Suratul Kahf yake ya Ijumaa ama yuwaisoma saa hii, na ukifika aya ya 23 na 24 tafadhali usipite mbio, pale Mwenyezi Mungu anapomwambia Mtume wetu (s.a.w.) asiseme kabisa juu ya jambo lolote kua ntalifanya kesho, mpaka aseme inshallah. Aya hii naisoma tangu niko chuoni, madrasa, na siku zote nilikua nikidhani ni adabu ya ulimi tu. Wiki hii imenishika kwengine.

Wengi mnajua najenga Mtwapa. Ploti tulinunua mimi na mke wangu kwa pesa za chama, msingi tukachimba, sasa tuko kwenye lenta, na kila jioni nikivuka feri hapo Likoni watu wamebanana mimi niko na kalkuleta ya simu, simiti mifuko mingapi, nondo, mchanga lori ngapi, fundi atataka ngapi Jumamosi, nafika nyumbani bado nahesabu. Jumatatu baada ya Magharibi binti yangu wa miaka sita akaja akasimama mbele yangu na mtandio wake wa chuo, akafunga mikono, akaanza Wal-asr. Aya tatu tu. Akasoma, nikamwambia mashallah, na macho yangu yako kwenye simu. Akasoma tena. Mara ya tatu akanyamaza, akaniangalia, akasema, "Baba, nimeruka aya na hukuniambia."

Wallahi nilikosa la kumjibu. Sura nzima Mola ameapa kwa wakati kua binadamu yumo hasarani, nimesomewa mara tatu na mtoto wangu mwenyewe, na sikuskia.

Sasa asije mtu akasema ati tuache mipango, la. Mtume (s.a.w.) alikua akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Na Nabii Yusuf, alayhi salaam, alipoletewa ndoto ya mfalme aliwapangia watu wa Misri miaka 15, saba ya kulima, saba ya shida, na mmoja wa mvua, hakuna mjenzi hapa mwenye mpango mrefu kama huo. Lakini hebu soma vizuri aya ya 47 ya sura yake. Aliwaambia mtakachovuna kiwacheni kwenye masuke yake, isipokua kidogo mnachokula. Kidogo mnachokula! Njaa ya miaka saba yaja, ghala zataka kujazwa, na bado chakula cha leo kimetajwa ndani ya mpango wenyewe, hakuwaambia wafunge miaka saba ndio waje wale. Mimi ghala nilikua najaza, tena kwa nia safi, manake nyumba ni ya hao hao watoto, lakini kile kidogo cha kula leo nilikua nakitia ghalani pia.

Na ghala yenyewe nani amekuhakikishia utaifungua? Kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari, sahaba Ibn Mas'ud (r.a.) asimulia kua Mtume alichora mraba, akachora mstari katikati ukapita mpaka nje ya mraba. Akasema huyu wa ndani ni binadamu, mraba ni ajali yake, yaani mauti yake, imemzunguka, na hicho kipande kilichotoka nje ni matumaini yake. Nimekua nikiifikiria picha hii wiki nzima, hasa nikiangalia ile ramani ya nyumba, manake vyumba vyote vile viko kwenye kile kipande cha nje. Naijenga na ntaendelea kuijenga inshallah, na safari hii nikisema inshallah najua nasema nini.

Jana usiku wa kuamkia Ijumaa simu nikaiwacha ndani inachaji, tukakaa barazani mimi na binti yangu. Wal-asr ashaimaliza, kwa hivyo mwalimu amemvusha kwenye Alhaakumut-takaathur, ile inayosema kutaka wingi kumewashughulisha mpaka mkayazuru makaburi. Maana hajafundishwa bado. Ile herufi haa inamsumbua, aitoa kama anapuliza chai, basi tukairudia, yeye kisha mimi, yeye kisha mimi, mpaka ikaadhiniwa Isha.