Holsta ya bastola ambayo hakuna anayeijua

Wenye bastola za Glock na Browning hamjui mlivyobarikiwa. Mnaingia dukani, mnachagua holsta, ile ala ya kubebea bastola kiunoni, mnalipa, mnaondoka. Mi nina CZ 82, na kila nikiitaja muuzaji ananikodolea macho kama nimemtajia dawa ya minyoo ya ng'ombe.

Niliirithi kwa baba mdogo, na kabla hamjauliza, ndiyo, ilikaa polisi kwanza nikaombea leseni kwa jina langu, mlolongo wote nimeupitia. Ni ya jeshi la Czechoslovakia, walianza kuitumia 1983, halafu nchi ikagawanyika 1993 na baadaye nyingi zikauzwa nje kama masalia ya jeshi. Marekani ziliingia za kutosha kwa hiyo kule kuna watu wanazishonea ala, ila ukijumlisha bei na usafiri hadi Arusha unaona bora ubebe mawe. Inatumia risasi za milimita 9 kwa 18 kama Makarov, ile bastola ya Warusi, tofauti Makarov magazini yake inakula risasi 8 na hii inakula 12, ndo maana kitako chake kinene kama hindi la kuchoma.

Ya kwanza nilinunua ya nailoni, ile wanakwambia "hii inaingia zote kaka". Inaingia kweli, hata simu na kitunguu vinaingia. Mi nanunua maharage Karatu nashinda kwenye gari, basi siku moja tumefika Kisongo nikashika kiuno nikakuta bastola imegeuka na kitambaa kimejikunja nusu ya triga iko wazi. Nilipaki pembeni nikakaa kimya kidogo. Holsta ikishaacha triga wazi hiyo siyo holsta, ni mfuko wa rambo.

Ya pili niliazima ya Makarov ya ngozi kwa jamaa, maana kila mtu anasema Makarov na CZ ni ndugu. Ndugu wa mbali bana. Makarov ina urefu wa milimita 161 na hii 172, hiyo siyo shida sana, shida ni unene na lile duara la triga, ikaingia robo tatu ikagoma. Halafu sefti ya CZ, kile kidude cha kuizuia isifyatuke, iko pande zote mbili, kwa hiyo ile ya upande wa mwili inasuguana na ngozi na mkanda kila ukiinama. Nikamrudishia yake.

Siku hiyo nimepita Soko la Wamasai nikamkuta mzee anashona ala za sime, zile nyekundu. Nikasimama nikaziangalia vizuri kwa mara ya kwanza maishani, jinsi ngozi ilivyokumbatia kisu mpaka unakigeuza juu chini hakitoki. Moran anakimbia nacho porini, mi gari tu linanishinda! Nikamweleza mzee shida yangu, akanisikiliza, akasema, "Ero, lete kisu chenyewe nikipime." Ero ni kijana kwa Kimasai, nina miaka arobaini na sita na bado naitwa ero, sawa.

Sasa hapo ndo pagumu. Siwezi kuweka bastola mezani sokoni watalii wanapita, na kumwachia fundi ndo kabisa haiwezekani. Nikaenda nyumbani, nikatoa magazini, nikaangalia chemba mara mbili kama kuna risasi imebaki, risasi nikaziweka chumba kingine, nikaipima kila kona kwa venia, kile kipimo cha mafundi cha milimita, nikachora kwenye karatasi. Mchoro nikaupeleka kwa mchonga vinyago akanichongea bastola ya mti, na kwa sababu kazoea kuchongea wazungu akaipiga msasa mpaka inang'aa. Nzuri sana ila msasa ule uliipunguza, ala ikatoka legelege. Tukaizungushia seloteepu raundi mbili tukaanza upya.

Ngozi nayo ilitupotezea wiki. Ya kwanza ilikuwa laini ya mikoba, hiyo imetengenezwa kwa kemikali za kromu, unailowesha unaibana inakauka inarudi kama ilivyokuwa, na ukichomoa bastola mdomo wa ala unasinyaa hurudishi kwa mkono mmoja. Inatakiwa ile iliyoivishwa kwa magome, kama ya miwati wanayolima Njombe, ngumu, unene milimita tatu na nusu hivi. Hiyo ukiilowesha maji ya uvuguvugu inakuwa kama unga wa chapati. Mzee akaifunga ile ya mti kwa nailoni isinywe maji ikavimba, akaiingiza, akawa anapita na mfupa wa mbuzi kwenye kila ukingo taratibu mpaka umbo la triga likatokea nje. Halafu kivulini siku mbili. Mi nilitaka tuianike juani nimalize haraka, akanicheka, akasema jua litaikunja kama sambusa.

Ilivyokauka nikaenda kuijaribu nyumbani na bastola tupu na ikakaza kweli, wiki ya kwanza nilikuwa naichomoa kama nang'oa jino. Ndo inavyotakiwa, inalegea yenyewe kidogo kidogo. Nimeigeuza juu ya kitanda nikaitikisa, haikutoka. Nimekaa nayo kwenye gari mpaka Karatu na kurudi, haijageuka. Kitu kimoja sikukifikiria ni mkanda, maana chuma hiki kina gramu 800 bado hujaweka risasi, na mkanda wangu wa mtumba wa soko la Kilombero ulikuwa unakunjika suruali inashuka upande mmoja natembea kama nimeteguka. Mzee akanishonea na mkanda wa ngozi mbili zilizobandikwa. Vyote pamoja na mti elfu tisini na tano.

Kosa langu ni moja. Kitu chenye sura ya bastola kuzagaa nyumbani kwenye watoto sikitaki, kwa hiyo ile ya mti nikaipasua kwa shoka jikoni. Jana nimeenda kumwambia mzee ala inakaa juu sana, nikikaa kwenye siti kitako kinanichoma mbavu, anishonee nyingine ishuke kidole kimoja. Akasema hamna shida ero, lete ile ya mti.