Mradi wa shanga: kipande cha himoglobini kiko tayari

Asidi amino (vijenzi vya protini) nane za mwanzo za mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayounda himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, sasa ziko mezani kwa shanga, kwa mpangilio wake halisi: valini, histidini, lusini, threonini, prolini, asidi glutamiki, asidi glutamiki tena, lisini. Mnyororo mzima una 146, ila nimeanza na hizi kwa sababu ugonjwa wa selimundu chanzo chake kiko hapa.

Uti wake ni waya wa shaba. Kila asidi amino ina kaboni ya katikati iliyoshika kundi la amino, kundi la kaboksili, haidrojeni moja, na mkono wa nne. Mkono huo ndio unaozitofautisha zote 20. Mbili zikiungana, maji hutoka, kwa hiyo penye kila kiungo nimeondoa shanga moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Prolini ndiyo tamu kuijenga: mkono wake unarudi kujifunga kwenye naitrojeni ya uti wenyewe, kwa hiyo waya pale hauzunguki.

Mikono nimeipaka rangi kufuata tabia. Njano inakimbia maji: valini, lusini, prolini. Kijani inapenda maji bila chaji: threonini. Nyekundu ina chaji hasi: asidi glutamiki. Bluu ina chaji chanya: lisini. Histidini nimeipa bluu iliyofifia, maana chaji yake huja na kuondoka.

Kisha nikajenga kipande cha pili, nafasi ya sita nikaweka njano badala ya nyekundu: valini mahali pa asidi glutamiki. Mwaka 1957 mwanabiokemia Vernon Ingram alionyesha kule Cambridge kwamba himoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa badiliko hilo moja tu. Ukivilaza vipande hivi sambamba unaliona mara moja. Palipokuwa na chaji iliyotulia ndani ya maji, sasa pana kitu kinachotafuta pa kujificha. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujichomeka kwenye mfuko wa himoglobini jirani, nayo jirani hushikana na nyingine, hadi nyuzi ndefu zinaivuta seli nyekundu iwe mundu.

Wiki ijayo naujenga mfuko wenyewe: fenilalanini (asidi amino nyingine) ya nafasi ya 85 na lusini ya nafasi ya 88, njano zote mbili. Hapo mnyororo umejisokota, kila mzunguko asidi amino 3.6, ndiyo maana hizo mbili hutazama upande mmoja.